Ukijiona mjanja mbele ya shetani ndo ushaliwa: mikataba ya roho kwenye hadithi za fantasia

Kwenye tamthilia ya Mwingereza Christopher Marlowe kuhusu Daktari Faustus kuna kipande kimoja ambacho mi naona kinatosha kabisa kufungua hii mada. Jamaa ashatia saini, tena kwa damu yake mwenyewe, kauza roho apate miaka 24 ya kutumikiwa na shetani, na damu haijakauka vizuri anaanza kumhoji huyo shetani wake, Mephistophilis, eti hebu niambie jehanamu iko wapi. Shetani anamweleza, wala hafichi. Faustus anasikiliza weee halafu anasema ah wapi, mi naona hiyo jehanamu ni hadithi tu. Sasa angalia anamwambia nani. Anamwambia mwenyeji wa huko, kasimama mbele yake, ambaye muda mfupi tu uliopita kamchukulia saini ya kwenda hukohuko. Na Mephistophilis habishani naye hata kidogo, anamjibu kwamba sawa, endelea kufikiri hivyo hivyo mpaka yakukute ndo ubadili mawazo.

Hapo hakuna uongo wowote uliosemwa, hakuna kipengele kilichofichwa nyuma ya karatasi.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanazichukulia hizi stori kama stori za utapeli, yaani shetani ni tapeli, binadamu kaingizwa mjini, imeisha hiyo. Na ukizichukulia hivyo dawa inakuwa rahisi sana, soma mkataba vizuri, weka masharti yako, kama una hela tafuta wakili. Ndo maana kila mtu anayeanza kucheza geimu za fantasia au kusoma hizi riwaya lazima apitie ile hatua ya kusema "mi ningeomba hivi na hivi, halafu ningemzidi akili". Ila ukikaa ukaziangalia stori zenyewe moja moja unakuta waliopotea wengi sio wajinga, ni wasomi na watu wa mjini kabisa, wengine mkataba wameusoma, wengine masharti wameandika wao wenyewe kwa mkono wao, na ndo hayohayo masharti yakawanyonga. Shetani aliyeandikwa na mwandishi anayejua kazi yake anachokuuzia hasa ni ile raha ya kujiona umempiga bao. Mali na nguvu na uzuri ni vya kuongezea tu.

Faustus ndo babu yao wote kwa hiyo tukae kwake kidogo. Kulikuwa na mtu kweli Ujerumani aliyejulikana kwa jina hilo, mganga na mpiga ramli wa kuzungukazunguka, mwisho mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa 16, alipokufa watu wakaanza kumtungia, mwaka 1587 kikachapishwa kitabu cha habari zake Frankfurt, kikavuka mpaka Uingereza, Marlowe akakifanya tamthilia. Faustus wa Marlowe ni daktari wa theolojia, Wittenberg. Yaani kama kuna mtu duniani alipaswa kujua roho inauzwa kwa hasara ni huyu. Lakini mchezo unaanza na yeye anazitupa elimu moja baada ya nyingine, falsafa nimemaliza, udaktari nimemaliza, sheria ni ya watu wadogo, theolojia nayo bai bai, anataka uchawi. Kujiamini kwake hakujatoka kwenye ujinga, kumetoka kwenye shahada.

Anachora duara, anasoma maneno yake ya Kilatini, shetani anatokea, jamaa anavimba kichwa kabisa, anaona hapa mi ndo bosi, nimemwita akaja. Anauliza, si maneno yangu ndo yamekuleta? Na Mephistophilis anamwambia ukweli mtupu: hapana, hayo yalikuwa sababu ya juu juu tu, sisi tukimsikia mtu anamkana Mungu wake tunakuja mbio wenyewe kwa matumaini ya kuipata roho yake. Yaani hakuna aliyeitwa pale. Tai hakuitwa na mzoga. Faustus kaambiwa kabisa kwamba nguvu anayojidai nayo haipo, akasikia, akaendelea kama hajasikia. Baadaye damu inagoma kutoka wakati anaandika, inaganda, shetani anakwenda kuleta moto wa kuiyeyusha, halafu mkono wake mwenyewe unatokewa na maandishi ya Kilatini yanayomwambia kimbia. Anasema macho yangu yananidanganya. Mtu wa kawaida asiyejua kusoma angeshakimbia zamani!

Halafu angalia dili lenyewe lilivyokuwa linavuja toka siku ya kwanza. Mkataba unasema Mephistophilis atamfanyia na kumletea chochote. Anaomba mke, analetewa shetani kavalishwa nguo za kike na fataki juu. Anauliza nani kaumba dunia, anakataliwa, kwamba hilo ni kinyume na ufalme wetu. Yaani upande wa pili umevunja mkataba mchana kweupe na huyu msomi hadai chochote, hasemi basi nirudishie karatasi yangu, anakubali kupozwa kwa maonyesho ya dhambi saba zinapita jukwaani kama gwaride. Miaka 24 inaisha kwa kumfanyia Papa vituko, kumtapeli muuza farasi, kumletea mke wa mtawala mmoja zabibu wakati sio msimu wake. Zabibu! Kauza roho akawa mfanya mazingaombwe wa kwenye sherehe za wakubwa.

Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alikuja kuigeuza hii stori, sehemu ya kwanza ikatoka 1808 na ya pili 1832, na mi napenda alichofanya na mkataba. Kwake hakuna kuuza moja kwa moja, ni dau. Faust anasema hakuna kitu utakachonipa kikaniridhisha, siku nikiuambia wakati wowote ule "subiri, we ni mzuri mno" basi nichukue. Ona kujiamini kulivyohamia sehemu nyingine, sasa anajiamini kwamba anaijua nafsi yake, kwamba yeye sio mtu wa kutosheka. Mwisho ni mzee, kipofu, anasikia sepetu zinachimba nje anafurahi kweli, anajua ni vibarua wake wanachimba mfereji wa kukausha ardhi watu waje kuishi, na kwa furaha hiyo maneno yanamtoka. Kumbe zile sepetu zinachimba kaburi lake. Roho yake inaokolewa lakini wanaoiokoa ni malaika, sio akili yake, kwa hiyo hata hapo mjanja hajashinda kitu.

Sasa tuje kwa wale wa kuweka vipengele. Poland wana hadithi ya bwana mmoja anaitwa Twardowski, mtu wa Krakow wa karne ya 16, wanasema ndo aliyemwitia mfalme Sigismund Augustus mzimu wa mkewe Barbara aliyekufa 1551. Twardowski alijua kabisa shetani anataka nini, akaweka sharti: roho yangu utaichukulia Roma tu, na mimi Roma siendi. Safi kabisa, ungemwonyesha wakili yeyote angekwambia hapa umejilinda. Miaka ikapita, siku moja akaingia kwenye nyumba ya wageni, na hiyo nyumba ya wageni inaitwa Roma. Basi. Njiani anabebwa juu angani akaanza kuimba wimbo wa Bikira Maria, shetani akamwachia, akabaki kwenye mwezi mpaka leo.

Waandishi wa geimu ya Witcher, ambao ni Wapoland, waliichukua hiyo wakaipika upya kwenye nyongeza ya mwaka 2015 ya Witcher 3. Olgierd von Everec kaingia mkataba na jamaa anajiita Gaunter O'Dimm, anajionyesha kama mfanyabiashara wa vioo tu, mpole, anapiga mluzi. Sharti la kuchukua roho: kwanza Olgierd atimiziwe matakwa matatu, halafu wawili hao wasimame kwenye mwezi. Olgierd katulia, nani atasimama kwenye mwezi? Na matakwa yenyewe kayapanga makusudi yasiwezekane, mfano mpe ndugu yangu usiku wa starehe kuliko zote, na huyo ndugu ashakufa. Mwisho wanakutana kwenye hekalu bovu, usiku, wanaongea, upepo unapeperusha vumbi sakafuni na chini ya miguu yao kuna mchoro wa mawe wa mwezi. Ila mi kinachonigusa zaidi sio mwezi. Olgierd aliomba aishi kama vile hakuna kesho, akapewa, hafi, halafu moyo ukawa jiwe, mke wake, ambaye yote hayo aliyafanya kwa ajili yake, akawa hamhisi tena, akamwacha akamalizika mwenyewe ndani ya ile nyumba. Alikuwa analinda roho yake kwa ule mlango wa mwezi huku alichokipendea maisha kishatoka kwa mlango mwingine zamani.

Hapo ndo penyewe. Anayejiamini anachagua mwenyewe uwanja wa kujilindia, na anachagua pale anapojua yuko vizuri, kwenye maneno, kwenye sheria, kwenye mantiki. Shetani hana haja ya kupigana hapo. Yeye ana mambo mawili ambayo binadamu hana, amewaona watu maelfu kabla yako wakija na hayohayo, na hana haraka. Twardowski alipaswa kukaa macho kila siku ya maisha yake, kila mji, kila kibao cha nyumba ya wageni, shetani alihitaji jioni moja tu.

Kuna stori moja inalionyesha hili kwa hesabu kabisa, ya Robert Louis Stevenson, ya mwaka 1891, kuhusu chupa. Stevenson alikuwa anaishi Samoa wakati huo na hadithi ikatoka pia kwa Kisamoa kwenye jarida la wamisionari. Masharti ya chupa ni haya: ndani kuna pepo, anakupa chochote isipokuwa kukuongezea umri. Ukifa unayo unaungua milele. Unaweza kuiuza lakini lazima uiuze kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia, kwa fedha taslimu za sarafu, ukijaribu kuiuza bei ileile au juu inakurudia yenyewe. Zamani ilianza kwa mamilioni, sasa imefika San Francisco kwa chini ya dola mia.

Fikiria kidogo. Kwa senti moja hakuna mtu mwenye akili atanunua, kwa sababu hana wa kumuuzia. Kwa hiyo kwa senti mbili pia hakuna, maana yule wa senti moja hatapatikana. Kwa senti tatu basi nako hakuna. Ukienda hivyo kinyumenyume unafika mpaka kwenye mamilioni na jibu ni lilelile, hakuna mtu anayefikiri sawasawa anapaswa kuinunua kwa bei yoyote ile. Na bado watu wananunua, tena sio wendawazimu, kwa sababu kila mmoja anajiambia kwa bei hii bado kuna mwenzangu nyuma yangu, mi natumia fasta natoka. Ni upatu wa piramidi kabisa, kila anayeingia anajua utaanguka, anachoamini ni kwamba hautaangukia kwake.

Keawe, kijana wa Hawaii, anainunua kwa dola kama 50 hivi, hela yote aliyokuwa nayo. Anatamani nyumba nzuri pwani ya Kona. Anarudi kwao anakuta mjomba amekufa na mtoto wa mjomba kazama baharini, urithi wa ardhi na hela umemwangukia yeye, na ramani ya nyumba anayochorewa ni ileile aliyokuwa nayo kichwani. Nyumba amepata. Bei ya nyumba kaiona. Hapo anashtuka, anamuuzia rafiki yake chupa, ametoka salama, na msomaji unasema huyu katoka. Halafu anapenda binti anaitwa Kokua, usiku mmoja anaoga huku anaimba, mtumishi nje anausikia wimbo, ghafla wimbo unakatika. Kaona baka la ukoma mwilini. Enzi hizo Hawaii mwenye ukoma alikuwa anapelekwa kutengwa kisiwa cha Molokai, kwa hiyo harusi hakuna. Anaanza kuitafuta chupa kwa kufuata nyumba mpya na nguo mpya na magari mapya ya farasi Honolulu, mpaka anampata aliyenayo, kijana wa kizungu, amenyong'onyea, ameinunua kwa senti mbili. Keawe anainunua kwa senti moja.

Sasa pale Keawe hajajidanganya, anajua anachofanya, na hiyo ndo tofauti yake na wengine wote, ndo maana stori inambeba mpaka mwisho. Mkewe ndo anayekumbuka kwamba kuna nchi zenye sarafu ndogo kuliko senti, wanakwenda Tahiti kwenye santimu za Kifaransa, wanaanza kuuziana kwa siri kila mmoja anataka kumwokoa mwenzie, na mwisho chupa inaishia kwa msimamizi mmoja wa mabaharia, mlevi, ambaye akiambiwa mwenye hii chupa anakwenda motoni anajibu mi huko naenda tu hata bila chupa, na haiuzi tena. Ule mnyororo wote wa watu wenye mahesabu ya kutoka mapema ulikuwa unamtafuta mtu mmoja asiye na mahesabu!

Sio lazima pepo awe na pembe. Mwaka 2011 Wajapani walitoa katuni ya mabinti wenye nguvu za ajabu, Puella Magi Madoka Magica, na humo shetani wetu ni kidude cheupe kizuri kinafanana na paka, Kyubey, anakwambia nipe tamanio moja lolote, mi nitalitimiza, we utapigana na wachawi. Kyubey hasemi uongo hata mara moja, na ndo anatisha kuliko wote. Siku mabinti wanagundua roho zao zimetolewa mwilini zikawekwa kwenye kito wanachotembea nacho mkononi, wanamvaa, mbona hukutuambia, na yeye anashangaa kweli kweli, hamkuniuliza. Humo ndani kuna binti anaitwa Sayaka, anataka kumponya mkono kijana anayempenda, mpiga fidla aliyepata ajali. Mwenzake mkubwa anamuuliza kabla, hivi unataka ndoto yake itimie, au unataka uwe we ndo uliyeitimiza? Sayaka anaona hilo swali ni la kuudhi tu, nia yake ni njema, anajiamini kwamba ni njema. Mkono unapona, kijana anarudi kwenye fidla yake na anakwenda na msichana mwingine, Sayaka anabaki na vita na kinyongo ambacho hawezi hata kukisema. Naona hii aina ya kujiamini haizungumzwi sana, watu wanaangalia wenye tamaa tu, wakati mwenye nia safi ndo rahisi zaidi kumsainisha maana hajiulizi kabisa.

Na kuhusu vipengele, kama bado kuna mtu anaamini lugha ya mkataba itamwokoa, aangalie kilichompata Wyll kwenye Baldur's Gate 3, geimu ya 2023. Kijana kauza nafsi yake kwa shetani wa kike anaitwa Mizora ili kuuokoa mji wake, na mkataba una kipengele cha kumlinda, kwamba atatumwa kuwawinda wa kuzimu na mashetani tu, na wasio na moyo, na wasio na roho. Inasikika vizuri, mtu mwema yeyote angetia saini. Anatumwa kumuua Karlach, anakuta ni mtu mwema aliyetoroka utumwani kuzimu, anagoma, anaambiwa soma kipengele, asiye na moyo. Na Karlach kweli hana, walimtoa kifuani wakamwekea injini. Neno ambalo Wyll alilisoma kama tabia lilikuwa limeandikwa kama kiungo cha mwili. Adhabu yake anaota pembe.

Kidogo tu kwa wanaocheza ile geimu ya mezani ya Dungeons & Dragons: huko toka vitabu vya miaka ya 70 wametenganisha mashetani koo mbili, wale wa sheria wanaopenda makaratasi na wale wa vurugu tupu wasio na mpango na karatasi yoyote. Kujiamini mbele ya hao wa kwanza kutakugharimu roho ikifika tarehe, mbele ya hao wa pili hata tarehe haifiki. Ukimwona mhusika anamwekea vipengele yule wa vurugu jua mwandishi anakuchekesha.

Sasa kuna wanaoshinda, na hawa ndo wananivutia zaidi kwa sababu ushindi wao haufanani na ule tunaouwaza. Kwenye hadithi za picha (komiki) za Hellblazer, ile hadithi ya 1991, John Constantine ana saratani ya mapafu, sigara miaka yote, anakufa, na mkubwa mmoja wa kuzimu anamsubiri kwa hamu maana ana kisasi naye. Constantine hatafuti neno la kujifichia. Anakwenda kimya kimya kuiuza hiyohiyo roho kwa wakubwa wengine wawili. Akifa watatu wote wana haki, hakuna atakayekubali kuacha, itakuwa vita kuzimu nzima na wote wataumia, kwa hiyo inabidi wamponye wenyewe huku wanasaga meno. Alichotumia ni kuwajua wao, wanaogopana vipi, kuliko walivyomjua yeye. Na hakujifanya mwema wala hakudhani ni salama, aliingia akiwa mtu anayekufa asiye na cha kupoteza. Pia haikuwa bure, yule aliyedhalilishwa hakusahau, alirudi baadaye.

Mwingine ni Daniel Webster kwenye hadithi ya Stephen Vincent Benét ya 1936. Webster alikuwa mwanasiasa na wakili kweli Marekani karne ya 19, msemaji hatari, na humo anamtetea mkulima wa New Hampshire, Jabez Stone, aliyeuza roho kwa miaka saba ya mavuno mazuri akaongezewa mitatu. Webster anaingia kifua mbele. Anajaribu sheria yote anayoijua, anapigwa. Anasema raia wa Marekani hawezi kulazimishwa kumtumikia mkuu wa nchi ya kigeni, na mgeni anamjibu nani kasema mi ni wa kigeni, walipodhulumiwa wenyeji wa kwanza nilikuwepo, meli ya kwanza ya watumwa ilipong'oa nanga kwenda Congo nilikuwa juu ya sitaha. Hilo jibu kwa sisi wa upande huu linauma mara mbili. Basi Webster anadai baraza la kuhukumu, analetewa baraza la wauaji na wasaliti waliotolewa motoni, na hakimu ni Hathorne wa zile kesi za wachawi wa Salem.

Anapopewa nafasi ya kusema yuko tayari kulipuka, hasira imepanda, anataka kuwachana wote. Halafu anayaona macho yao yanavyong'aa, na hapo anaelewa kwamba hawajamfuata Stone peke yake, wamemfuata na yeye, na akiwapiga kwa ghadhabu yake basi anatumia silaha yao na atakuwa wao. Anashusha pumzi. Anaanza kuongea taratibu kuhusu mambo madogo kabisa, asubuhi nzuri ukiwa kijana, ladha ya chakula ukiwa na njaa, na wale watu wa motoni wanakumbuka walikuwa watu. Anashinda. Lakini hebu ona kilichoshinda, wakili bora wa nchi nzima kashinda pale alipoacha kuwa wakili.

Kwa yule Twardowski pia kuna shairi la kuchekesha la Mickiewicz, mshairi wa Kipoland, lililotoka mwaka 1822, ambapo sharti la mwisho shetani akae mwaka mmoja na mke wa Twardowski, amtii, shetani akaangalia mlango akachomoka. Sina la kuongeza hapo.

Na tusisahau kujiamini sio ugonjwa wa binadamu peke yake. Kwenye Alfu Lela Ulela yule mvuvi anavua mtungi wa shaba wenye muhuri wa Nabii Sulemani, anafungua, jini anatoka na habari ya kumuua. Mvuvi hana elimu, hana mkataba, hana chochote. Anachosema ni kwamba sikuamini, mtungi huu hata mkono wako hautoshi, utakuwaje ulikuwa humu mzima mzima? Na jini, ambaye kafungwa humo kwa mamia ya miaka na anapaswa kuwa wa mwisho duniani kuusogelea, anajigeuza moshi anaingia tena ili tu kumwonyesha. Kifuniko tap.

Ndo kosa hilohilo la Raphael kwenye ile Baldur's Gate 3. Huyu ni shetani wa makaratasi haswa, suti, mashairi, tabasamu, anakufuata geimu nzima na mkataba wake, anataka umletee taji na yeye atakupa nyundo unayoihitaji. Wachezaji wengi wanakesha wakisoma vile vipengele kutafuta tundu. Tundu lililopo liko nje ya karatasi kabisa: unaweza usitie saini, ukaenda nyumbani kwake kuzimu akiwa hayupo, ukaiiba nyundo, na ukamfungulia minyororo mwenye nyumba ambaye Raphael alimfunga humo. Hakuweka ulinzi wa kutosha kwa sababu hakuwahi kufikiri kuna mtu atakuja. Akirudi akakukuta mnapigana, na muziki wa hilo pambano ni yeye mwenyewe anaimba sifa zake, kwaya nyuma yake, anautangaza ushindi wake kabla hajashinda, na unaweza kumuua kabla wimbo haujaisha.